Jinsi ya kutengeneza filamu fupi ya kesi ya ndoa kwa waigizaji wawili na chumba kimoja

Filamu ya kesi ya ndoa ni filamu ya mfuko mwepesi, na nasema hivyo kwa mapenzi. Haitaki magari yagongane wala jumba la kuazima Mbezi Beach. Inataka chumba, meza, benchi mbili na watu wawili wanaoijua kazi. Hapo kwenye watu wawili ndipo tunapokwama wengi. Filamu ya mapigano ikiwa na mwigizaji dhaifu itaokolewa na teke. Ya mapenzi itaokolewa na wimbo na ufukwe. Mahakamani hakuna teke wala ufukwe. Kuna uso wa mtu anayesikia mambo ya chumbani kwake yakisemwa mbele ya karani.

Hapa nazungumzia filamu ya dakika 25 hivi, yenye hadithi ya Tanzania Bara. Zanzibar Waislamu wana Mahakama ya Kadhi kwa mashauri yao ya ndoa, na Kenya ina sheria zake, kwa hiyo ukihamisha hadithi hamisha na taratibu, la sivyo wenyeji watakucheka kabla ya dakika ya tano. Ili tusiongee hewani nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Zuhura anauza vitenge. Hamisi, mumewe, ni dereva wa lori la Dar hadi Tunduma. Wana nyumba Mbagala ambayo karatasi zake zina jina la Hamisi peke yake, na wana mtoto, Idi, wa miaka 6 na miezi 8. Umri huo sikuuokota tu, tutaurudia.

Hatua ya 1: Nenda mahakamani, kamera iache nyumbani

Filamu yangu ya kwanza ya mahakama niliandika kwa kutazama filamu za wenzetu. Nikamtengenezesha fundi seremala nyundo nzuri ya mninga, hakimu akawa anaigonga kila watu wakinong'ona. Siku ya kuionyesha, mzee mmoja aliyewahi kuwa karani aliniuliza kwa upole, "Hiyo nyundo mlinunua wapi?" Ukumbi mzima ukacheka, maana mahakimu wetu hawagongi nyundo. Nyundo ile sasa mke wangu anavunjia nazi.

Kwa hiyo nenda ukakae. Siku tatu zinatosha kuanzia. Dar es Salaam, Temeke kuna Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki kilichoanza kazi mwaka 2021 kwa ajili ya mirathi na mashauri ya ndoa; kwingineko mahakama ya mwanzo yoyote itakufaa. Muulize karani kama unaruhusiwa kuingia. Mambo ya familia yakisikilizwa kwa faragha, usibishane, toka ukakae benchi la nje. Benchi la nje peke yake ni filamu nzima: mke upande huu na dada yake, mume upande ule na simu yake, katikati mtoto anayekwenda na kurudi akiomba mia mbili ya ubuyu kwa wote wawili.

Usirekodi kitu. Kariri, kisha andika ukifika kituoni. Utaona mambo ambayo hakuna skripti inayokuambia. La kwanza na kubwa kuliko yote: mara nyingi hakimu anaandika kwa mkono. Shahidi akikolea, hakimu anamwambia, "Taratibu, naandika." Shahidi ananyamaza. Kalamu inakwenda. Kisha, "Ehe, ikawaje?" Fikiria mwanamke anayeeleza usiku alioachwa na mtoto mwenye homa, na anatakiwa aueleze kwa mwendo wa imla, kama mwalimu anayesomea darasa la tatu. Maumivu yanakatwa vipande vipande, na kila kipande kinasubiri wino. Hapo mwigizaji mzuri atakula na kusaza, na wewe hujatumia hata senti.

La pili ni majina. Nyumbani walikuwa Mama Idi na Baba Idi. Humu ni mdai na mdaiwa, na wakipanda kizimbani ni SM1 au SU1, yaani shahidi wa kwanza wa upande wa mdai au wa utetezi. Sikiliza jinsi jina la nyumbani linavyowaponyoka na jinsi wanavyojisahihisha.

La tatu ni kalenda. Kesi inatajwa, inaahirishwa, watu wanasema "tumepigwa kalenda tena" na kukunja karatasi yao ileile iliyochanika mikunjoni. Hakimu yuko safari, jalada halijaonekana, shahidi kafiwa. Watazamaji wetu wanajua kalenda kuliko wanavyojua hukumu.

Hatua ya 2: Chukua sheria kiasi cha kukupa mgogoro

Huhitaji kuwa wakili. Unahitaji vitu vinne.

Kwanza, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mtu kukimbilia mahakamani kudai talaka kabla shauri halijapita Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, isipokuwa kwa sababu chache maalumu. Baraza likishindwa kuwapatanisha linatoa hati ya kueleza hivyo, na hati hiyo ndiyo tiketi ya mahakamani. Baraza linaweza kuwa la kata, la BAKWATA kwa Waislamu, au jingine linalotambuliwa.

Pili, mtoto. Kifungu cha 125 cha sheria hiyo kinatanguliza ustawi wa mtoto. Kinataka pia matakwa ya wazazi yaangaliwe, matakwa ya mtoto mwenyewe kama ana umri wa kutoa maoni yake, na mila za jamii yao. Kisha kinaweka dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 anafaa kukaa na mama yake, dhana inayoweza kupingwa kwa ushahidi, huku mahakama ikikumbuka ubaya wa kumhamishahamisha mtoto. Sasa unaona kwa nini Idi ana miaka 6 na miezi 8. Kila kalenda inampeleka kwenye siku yake ya kuzaliwa. Hakuna haja ya mtu mbaya anayechelewesha kesi kwa hila. Safari ya hakimu na jalada lililopotea vinatosha kuisogeza saa. Zuhura anahesabu wiki, Hamisi naye anahesabu, na hakuna anayekubali kwamba anahesabu.

Tatu, mali. Kifungu cha 114 kinahusu mgawanyo wa mali zilizochumwa pamoja. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali hizo. Ila Bi Hawa mwenyewe rufani yake haikumwongezea kitu, kwa kuwa mahakama iliona fedha alizokwisha kupewa na mumewe zilikuwa zimemtosha. Ushindi ukabaki kwa waliokuja nyuma yake. Mwandishi anayetafuta namna ya kumpa mtu haki na kumwacha mikono mitupu kwa pamoja, asihangaike, imeshatokea.

Nne, lugha. Mahakama ya mwanzo ni Kiswahili tangu zamani. Ngazi za juu, shahidi alikuwa akisema Kiswahili na kumbukumbu zikiandikwa kwa Kiingereza, mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 na Kiswahili kikafanywa lugha ya mahakama. Kama hadithi yako ni ya mwaka 2010 kwenye mahakama ya wilaya, basi hakimu anasikia lugha moja na kuandika nyingine. Mwigizaji wako ajue kwamba kila neno lake linatafsiriwa mbele ya macho yake.

Hatua ya 3: Andika baraza kwanza, mahakama baadaye

Makosa ya skripti nyingi nilizosomeshwa ni kuanza na mawakili wawili wenye joho wanaohutubia. Mawakili wakihutubia, waigizaji wako wakuu wanageuka wasikilizaji wa redio. Mimi nashauri upeleke shauri mahakama ya mwanzo, ambako wanandoa wengi husimama wenyewe bila wakili. Kisha ujenge filamu kwa vyumba viwili vinavyopingana.

Chumba cha kwanza ni baraza. Hapa kila mtu anasema. Shangazi yumo, mshenga yumo, mzee mmoja anasinzia, mwingine anakumbushia mahari. Zuhura na Hamisi wanakatizana, wanatukanana kwa mafumbo, mara wanacheka kwa bahati mbaya jambo la zamani. Mpe mtazamaji dakika 5 za kelele hii, amsikie kila mmoja jinsi anavyoongea akiwa huru.

Chumba cha pili ni mahakama, na humo wamefungwa midomo. Watu waliolala kitanda kimoja miaka kumi hawaruhusiwi kusemezana. Kila kitu kinapita kwa mtu wa tatu mwenye kalamu. Mlango mmoja tu umeachwa wazi, na huo ndio moyo wa filamu nzima: shahidi akimaliza, hakimu anamgeukia mwenzake na kusema, "Una swali?" Mume anasimama kumhoji mkewe. Ana ruhusa ya kuuliza maswali tu. Kila anachotaka kumwambia tangu waachane lazima kivae nguo ya swali.

HAKIMU: Mdaiwa, una swali kwa shahidi?
HAMISI: Mheshimiwa, huyu mimi nilipomchukua kwao hakuwa na hata…
HAKIMU: Hilo ni swali?
HAMISI: Hapana, Mheshimiwa.
HAKIMU: Uliza swali. Ushahidi wako utatoa zamu yako ikifika.
HAMISI: Je… ni kweli nilipokuchukua kwenu uliniambia hutaki mwanaume wa safari, ukanikubali?
ZUHURA: Ni kweli.
HAKIMU: (anaandika) "…ukanikubali." Endelea.
HAMISI: Sasa Mama Idi, ulifikiri lori litageuka…
HAKIMU: Mwite shahidi.
HAMISI: Shahidi. (Kimya.) Idi siku hizi anakula?
HAKIMU: Swali hilo linahusiana vipi na shauri?
ZUHURA: Nitalijibu, Mheshimiwa. Anakula.

Ona kwamba hakuna aliyepaza sauti. Andika mahojiano yote namna hii, kurasa 6 hivi, na uyapime kwa kanuni moja: ukikuta sentensi ambayo Hamisi angeweza kuisema baraza bila kubadilisha neno, ifute. Ukurasa mmoja ni kama dakika moja ya filamu, ila wa mahakama hurefuka kwa sababu ya kalamu, kwa hiyo skripti ya kurasa 20 itakupa dakika zako 25.

Usichukue kesi ya mtu halisi ukabadilisha majina tu. Mtaa wetu ni mdogo.

Skripti ikikamilika peleka Bodi ya Filamu kuomba kibali kabla hujapiga shoti ya kwanza. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ipo tangu mwaka 1976 na kibali si hisani. Ukitaka jengo la mahakama lenyewe utaomba huko kwa barua nyingine, na utasubiri. Mimi sijisumbui, nachukua ukumbi wa shule wakati wa likizo.

Hatua ya 4: Mchague mwigizaji kwa masikio yake

Usaili wetu wa kawaida ni "lia tukuone". Anayelia haraka anapata nafasi. Kwa filamu hii huyo ndiye wa kwanza kumwogopa, kwa sababu machozi yake yako karibu mno na mlango.

Fanya hivi. Mkalishe mwombaji mbele ya kamera ya simu, asiwe na maneno ya kusema hata moja. Kaa nyuma ya kamera umsomee ushahidi wa mke, taratibu, ukisimama kama hakimu anaandika. Mwambie yeye ndiye mume, na mambo mawili kati ya anayosikia ni ya uongo. Asikuonyeshe ni yapi. Rekodi dakika 3. Ukiitazama baadaye bila sauti, mwigizaji unayemtaka ni yule ambaye huwezi kuacha kumtazama ingawa hafanyi kitu. Anayetikisa kichwa, anayekunja uso, anayeguna, mshukuru na umpe nauli. Anaweza kufaa sana baraza, kwa shangazi.

Usitafute pia sura mbili nzuri zilizooana kama za kwenye kalenda ya ukutani. Tafuta watu wanaoaminika kuwa waliwahi kugombana kuhusu luku.

Hakimu naye usimpe rafiki yako mwenye sauti nzito. Mpe mtu anayeweza kuandika kweli. Nasema kweli: mpe kalamu inayotoa wino na daftari, na awe anaandika yale yanayosemwa, kwa sababu waigizaji wote wawili watakwenda na mkono wake. Hakimu anayechorachora anaharibu mwendo wa kila mtu.

Hatua ya 5: Fanyia mazoezi ndoa, kesi itajiigiza

Wiki mbili, siku tatu kila wiki, saa mbili mbili. Siku za kwanza skripti ibaki kwenye begi. Wape kazi za nyumbani: wapike wali pamoja, wapange nguo za mtoto kwenye begi la shule, Hamisi arudi safari saa nane ya usiku na Zuhura amfungulie. Wajue nani anapasha maji, nani anaweka pesa wapi. Haya hayatapigwa picha. Lakini Zuhura atakaposema kizimbani, "Alikuwa anarudi usiku nampashia maji ya kuoga," mkono wake utakuwa unalijua sufuria.

Ushahidi wa kila mmoja uandikwe na mwigizaji mwenyewe kwanza, kwa maneno yake, kisha mwandishi apunguze. Si jambo jipya. Katika Kramer vs. Kramer ya mwaka 1979, muongozaji Robert Benton alimwachia Meryl Streep aandike upya maneno ambayo Joanna anayasema kizimbani kueleza kwa nini anamtaka mwanawe. Streep na Dustin Hoffman wote wawili waliondoka na Oscar kwa filamu ile. Mwandishi anajua hoja ya mhusika. Mwigizaji aliyepika naye wiki mbili anajua kitu ambacho mhusika anaona aibu kukisema, na ushahidi mzuri unazunguka hapo bila kugusa.

Kila mwigizaji mpe siri moja ambayo mwenzake haijui. Zuhura wetu alijua kwamba nauli ya kwanza ya kwenda kufungua kesi alikopeshwa na mama yake Hamisi. Haikutajwa popote kwenye filamu. Lakini kila Hamisi alipomtaja mama yake, Zuhura alikuwa akitazama chini, na watu waliniuliza baadaye kulikuwa na nini pale.

Hatua ya 6: Chumba, taa, sauti

Chora ramani. Hakimu juu, karani pembeni yake, kizimba upande mmoja, benchi la mdaiwa upande wa pili. Una pembetatu ya macho: mke, mume, hakimu. Amua mapema kamera itakaa upande gani wa mstari unaounganisha mke na mume, na usiuvuke mpaka siku utakapokuwa na sababu. Ukiuvuka ovyo, mtazamaji ataona mume na mke wote wanatazama ukuta mmoja.

Huna chumba kinachofanana na mahakama? Iweke kamera kwenye kiti cha hakimu. Filamu ya Iran A Separation, ya Asghar Farhadi ya mwaka 2011, inaanza na mume na mke wamekaa bega kwa bega wakijieleza kwa afisa wa mahakama ambaye hatumwoni, kwa sababu sisi ndio tumekaa alipokaa. Viti viwili na ukuta. Mtazamaji anageuzwa hakimu kabla hajajua anaulizwa nini.

Taa: tumia mwanga wa dirisha ukiweza, na zile taa ndefu za dari ziache ziwake tu kama unajua unachofanya. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo kwenye kamera piga fremu (picha) 25 kwa sekunde na kasi ya shata ya sekunde 1/50, la sivyo picha itapepesa. Nguo za waigizaji ziwe zile watu wanazovaa wakienda mahakamani kweli: bora waliyonayo, iliyopigwa pasi, inayobana kidogo.

Sauti ndiyo itakayokuua. Ukumbi wa shule una mwangwi kama kisima. Azima mablanketi na magodoro, yasimamishe nyuma ya kamera na pembeni. Zima feni, na kabla ya kuizima jua kwamba waigizaji watatoka jasho. Kwa filamu hii jasho ni mali. Maiki ndogo ya kubana nguoni kwa kila mmoja, na nyingine ndefu ya kuning'iniza kwa usalama. Maiki moja iwekwe mezani kwa hakimu kwa ajili ya kalamu tu. Kabla hamjaondoka rekodini dakika moja ya chumba kikiwa kimya, mhariri atakushukuru. Mvua kwenye bati ikianza, kunyweni chai.

Hatua ya 7: Piga anayesikiliza kabla ya anayesema

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi. Desturi ni kupiga kwanza picha pana, kisha anayesema, kisha, watu wamechoka na jua linazama, "haya tumalizie na wewe unayesikiliza." Mwenzake ameshaondoka kwenda kula, maneno yanasomwa na msaidizi aliyeshika skripti na soda. Kisha tunashangaa kwa nini uso wa mume ni mkavu.

Geuza. Asubuhi na mapema, akili zikiwa bado mpya, mweke Hamisi kwenye benchi, kamera usoni mwake, lenzi ya milimita 85 kama unayo, na Zuhura aseme ushahidi wake wote kizimbani, kwa nguvu zote, ingawa kamera haimwoni. Hii ndiyo mara ya kwanza Hamisi anausikia ukiwa mzima. Mazoezini uliuzuia makusudi. Utapata vitu ambavyo havirudiwi. Kama una kamera mbili, hata kama ya pili ni simu ya mtu, piga wote wawili kwa wakati mmoja na utakuwa umelala usingizi mzuri.

Usikate katikati ya ushahidi. Acha uende dakika 6 au 8, akisahau neno hakimu amwambie "rudia", kwa sababu hakimu wa kweli naye husema hivyo. Teki tatu au nne kamili, yaani kulipiga onyesho zima mara tatu au nne, zinatosha. Baada ya hapo mwigizaji anaanza kujisikia anavyosema, na sauti yake inapata mapambo.

Kuhusu kulia. Zungumza nao siku moja kabla, si kwenye seti. Mtu aliye kizimbani hataki kulia. Amevaa vizuri, wakwe wanamtazama, anataka aonekane ana akili timamu apewe mtoto. Kazi ya mwigizaji ni kuyazuia machozi. Yakimshinda, basi yamemshinda. Anayeyaita mwenyewe anaonekana. Kitunguu na zile dawa za machoni ziache dukani.

Yule msichana aliyecheza Zuhura alinifundisha kitu kuhusu hili. Teki ya tatu, katikati ya sentensi, hakimu wetu alisema "taratibu" na akaandika kwa muda mrefu kuliko kawaida, kwa kuwa kweli alikuwa ameachwa nyuma. Zuhura akasubiri. Akavuta mtandio, akaunyoosha mara mbili pajani. Kisha akamalizia sentensi kwa sauti ya mtu anayeagiza mchele. Fundi wa sauti alivua spika zake za masikioni akatoka nje.

Hatua ya 8: Mtoto

Mtoto asiwepo wakati wa mahojiano. Si kwa ajili ya filamu tu. Mtoto wa miaka 6 au 7 hajui tofauti ya ugomvi wa kuigiza na wa kweli kwa kiwango unachodhani, hata akikuambia anajua. Mpigie picha zake siku yake, asubuhi, kwa muda usiozidi saa nne, mzazi wake akiwepo, na umweleze hadithi nyingine iliyo rahisi: "Unasubiri mama amalize kuzungumza na mwalimu." Shule isikatizwe kwa ajili yako.

Kwenye mfano wetu Idi ana maonyesho matatu tu. Benchi la nje na ubuyu. Siku ya kuzaliwa, keki ndogo yenye mshumaa wa namba 7, ambayo mtazamaji ndiye peke yake anayeelewa ina maana gani. Na hakimu akimwita chemba, yaani ofisini kwake, amsikilize mwenyewe. Hapo mlango ufungwe na kamera ibaki nje na wazazi, kwenye benchi moja kwa mara ya kwanza kwa sababu mabenchi mengine yamejaa. Usiandike maneno. Mmoja atafute simu, mwingine asogee kidogo kumpa nafasi.

Hatua ya 9: Uhariri, na jaribio la mwisho

Ondoa muziki wote chini ya ushahidi. Wote. Kinanda kikianza kulia kabla ya Zuhura, umemwambia mtazamaji humwamini mwigizaji wako. Sauti ya kalamu ipandishe kidogo.

Mhariri wako atataka kukata kwenda kwa anayesema kila anapofungua mdomo. Mzuie. Kwenye mahojiano, sehemu kubwa ya muda tuone anayesikia, na swali litufikie kwa sauti tu. Ukiona onyesho linasinzia, usikate maneno kwanza, jaribu kukata kwenda kwa uso mwingine.

Hukumu iwe fupi, isomwe bila hisia, na imalizike kwa kuwaambia wana haki ya kukata rufaa. Sikuambii Idi apewe nani. Ila kabla ya kufunga faili, ita watu kumi nyumbani: awepo aliyewahi kuachika, awepo mwanaume aliyenyang'anywa mtoto, awepo mtu wa mahakamani akukamatie nyundo zako. Zima filamu sekunde chache kabla ya hukumu na umpe kila mmoja kipande cha karatasi aandike angempa nani mtoto, kisha kusanya bila kuwaruhusu wajadiliane. Karatasi zikiwa kumi kwa sifuri, au hata tisa kwa moja, rudi kwenye chumba cha uhariri. Kuna mwigizaji mmoja umemnyima nyuso zake. Mimi mara ya kwanza nilipata nane kwa mbili upande wa Zuhura, nikarudisha sekunde 40 za Hamisi kwenye benchi. Mara ya pili zilikuja sita kwa nne, na mmoja alikuwa ameandika jina, akalifuta, akaandika jingine, akalifuta tena.